Pete Kumi na Sita

Waliuhamisha mji. Si watu peke yao: mji.
Mgodi ulikuwa unatafuna ardhi chini ya vitanda vyetu.
Kanisa la Kiruna likapakiwa zima juu ya magurudumu,
likatembezwa barabarani
mfano wa bibi harusi mwenye viatu vya kubana,
na sisi kandoni na chupa zetu za kahawa.

Nyumba yetu haikupewa magurudumu.
Waliibomoa Jumanne, kabla ya saa nne asubuhi.
Mimi nilitoka na mapazia.

Ya kitani, rangi ya maziwa ya mgando,
yenye pindo alilolishona mama mkwe kwa mkono,
maana cherehani aliiita mashine ya wavivu.
Yalizoea madirisha mafupi.
Haya ya hapa yanaanzia sakafuni na kupanda
bila kumuuliza mtu.

"Nunueni mapya," akasema Ylva kwenye simu.
Kipya kinyemi ingawa kidonda, mwanangu,
lakini tutanunua fimbo tu.

Dukani, ukuta mzima wa fimbo:
za shaba, za mbao, za chuma cheusi,
zenye vichwa vya tufe, vya jani, vya mkuki.
Valfrid akazipima uzito kiganjani
kama anachagua mpini wa sururu.
Kijana wa duka: dirisha lenu lina upana gani?
Valfrid akatanua mikono. "Hivi."
Jicho halina sentimita. Tukarudi kupima.
Niliendesha mimi;
yeye aliiacha mikono vilevile njia nzima,
kiwiko kimoja nje ya dirisha la gari,
asije akapoteza kipimo.

(Alikosea kwa kidole kimoja. Bado anakitaja hicho kidole.)

Miaka thelathini na minne alitoboa mwamba,
na sasa ukuta wa sebule unamcheka.
Tundu la kwanza likapinda.
La pili likagonga nondo.
Akashuka ngazini, nyusi nyeupe kwa vumbi la zege,
akanywa maji, akautazama ukuta kwa adabu.
La tatu likakubali.

Pimamaji ikasema sawa, kiputo katikati,
ila fimbo tukaiona imekwenda kombo.
"Nyumba imepinda," akasema.
"Imejengwa juzi, imepindaje?"
"Basi sisi."

Tukavisha pete, kumi na sita.
Mapazia yakaishia hewani, shubiri nzima juu ya sakafu,
suruali ya mvulana aliyerefuka likizoni.
Nikafumua pindo la mama mkwe,
nikiomba radhi kwa kila uzi.
Ndani yake, vijiwe. Vyeusi, vizito, saba kila pazia,
vya kutuliza kitambaa upepo ukija.
Valfrid akaokota kimoja, akakilamba.
"Chuma chetu," akasema. "Baba alikuwa anakiiba mfukoni."
Nikaunga kitambaa cha buluu chini,
nikavirudisha vyote. Kimoja sikukipata.
Sikumuuliza.

Usiku wa Juni hapa jua halilali.
Husimama dirishani kama mpangaji anayedai chenji yake.
Tukavuta mapazia. Giza likaingia, giza la kweli,
nikaona fahari ya mwenye nyumba.

Kisha saa saba na ushei.

Kule kwa zamani, saa hiyo, walikuwa wanalipua chini,
kitanda kikishtuka kidogo,
na pete zikilia kwenye fimbo, chri-chri-chri,
nasi tukigeuka upande wa pili, tukiendelea na usingizi.
Huku hakuna kitu.
Nilijua yu macho. Naye alijua.
Sakafu mpya haina habari na mtu.

Akaamka, peku, akafika dirishani,
akashika pazia kwa vidole viwili
akalitikisa.

Chri-chri-chri.

Ufa wa jua ukapita ukutani, ukafunga.
Akarudi, akageuka upande wa pili.
Miguu yake ilikuwa ya baridi mno.